Kichocho, Sindano na Ini la Misri

Abdel Halim Hafez alifariki dunia London tarehe 30 Machi 1977, akiwa na umri wa miaka 47. Kairo ilifurika watu siku ya mazishi yake. Wapenzi wa taarabu wa Unguja na Mombasa, waliozoea santuri za Misri, waliifahamu sauti hiyo vizuri. Wachache walijua kwamba kwa zaidi ya miaka 20 mwenye sauti alipanda jukwaani huku tumbo lake likiweza kuvuja damu wakati wowote. Ugonjwa wenyewe aliupata utotoni, katika mifereji ya mkoa wa Sharqia, alikozaliwa katika kijiji cha El-Halawat. Katika mifereji hiyo ndimo watoto wa wakulima walimooga na kuogelea. Kwa Kiswahili ugonjwa huo unaitwa kichocho.

Mtu akisikia kichocho hufikiria mkojo wa damu. Hiyo ni aina moja tu. Aina ya pili hukaa katika mishipa ya utumbo na ini, hukaa kimya kwa miaka mingi, na siku inapojitokeza mara nyingi ni kwa mgonjwa kutapika damu. Historia ya madaktari walioifuatilia aina hii huko Misri ni ndefu, na katikati yake kuna jambo zito: dawa iliyotolewa kwa nia njema, ili kuokoa ini, iliingiza mwilini ugonjwa mwingine wa ini, na miaka mingi ikapita kabla ya mtu yeyote kuweza kuuona.

Mnyoo wenyewe ulionekana mara ya kwanza mwaka 1851. Aliyeuona ni Theodor Bilharz, daktari wa miaka 26 kutoka mji mdogo wa Sigmaringen, kusini mwa Ujerumani. Alikuwa amefika Kairo mwaka uliotangulia akimfuata mwalimu wake, Wilhelm Griesinger, aliyeajiriwa kuwa tabibu wa Abbas Pasha, mtawala wa Misri. Chuo cha udaktari hakikuwa kigeni nchini humo: kilianzishwa mwaka 1827 na Mfaransa Antoine Clot, maarufu kwa jina la Clot Bey, kwa amri ya Muhammad Ali Pasha, mtawala wa wakati huo, kisha kikahamia hospitali ya Qasr al-Aini mjini Kairo mwaka 1837. Kwa mtafiti wa zama zile, chumba chenye thamani kuliko vyote hospitalini hapo kilikuwa kile cha kuchunguzia maiti. Waliolazwa mezani walikuwa masikini wa Kairo. Elimu yote inayosimuliwa hapa ilianza na miili yao, na ni haki kulisema hilo kabla ya kutaja jina la mgunduzi.

Katika mshipa mnene unaokusanya damu ya matumbo na kuipeleka kwenye ini, Bilharz aliona vinyoo vyeupe vyembamba ambavyo hakuna aliyekuwa ameviandika. Tarehe 1 Mei 1851 alimwandikia barua mwalimu wake wa zamani wa zuolojia, Carl Theodor von Siebold. Muda mfupi baadaye alikuta ajabu nyingine. Dume ana mfuo mwilini mwake, na ndani ya mfuo huo hulala jike aliye mwembamba zaidi, wakaishi hivyo pamoja ndani ya mshipa. Akayaona na mayai yao. Mengine yalikuwa na mwiba nchani, mengine ubavuni, tofauti ndogo ambayo ingechukua zaidi ya miaka 60 kufafanuliwa. Griesinger naye alihesabu: katika maiti 363 zilizochunguzwa, 117 zilikuwa na mnyoo huo. Karibu theluthi.

Bilharz hakuishi kuona kazi yake ikikamilika. Alibaki Kairo baada ya Griesinger kurudi Ulaya, akawa profesa wa anatomia, akaandika pia juu ya samaki wa Nile anayetoa umeme. Mwaka 1862 alifuatana na msafara wa Duke Ernst wa Saxe-Coburg-Gotha hadi Massawa, katika Bahari ya Shamu, akapata homa akimuuguza mgonjwa safarini, akafa Kairo tarehe 9 Mei. Alikuwa na miaka 37. Jina lake likabaki kuwa jina la ugonjwa, bilhazia, kwa lugha nyingi za dunia.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa mkongwe kuliko kumbukumbu za yeyote. Mwaka 1910 Marc Armand Ruffer, aliyekuwa akifanya kazi Misri, alichukua vipande vya figo kutoka katika miili iliyokaushwa ya watu wawili wa enzi ya Mafarao, akavilowesha hadi vikalainika, akakuta mayai ya kichocho yaliyogeuka chokaa. Watu hao walikuwa wamekufa miaka 3,000 hivi kabla yake.

Swali lililowasumbua wataalamu lilikuwa moja: mnyoo unaingiaje mwilini? Kairo kulikuwa na mtu aliyedhaniwa kuwa na jibu. Arthur Looss, Mjerumani mwingine, alikuwa bingwa wa minyoo asiyekuwa na mpinzani. Siku moja maji yenye lava wa minyoo ya safura yalimmwagikia mkononi, ngozi ikamwasha, na baada ya wiki kadhaa akakuta mayai ya safura katika choo chake mwenyewe. Kwa ajali hiyo akagundua kwamba safura hupenya ngozi. Ugunduzi ulikuwa sahihi kabisa, ila ulimfanya aamini kwamba mnyoo wa Bilharz nao hutoka kwenye yai na kumwingia mtu moja kwa moja. Alikuwa ametafuta ndani ya konokono bila kuona kitu. Neno lake likawa sheria kwa miaka mingi, kwa sababu hakuna aliyethubutu kubishana na mtu wa kimo chake.

Vita vya 1914 vikamwondoa Looss, kwani sasa alikuwa raia wa nchi adui. Waingereza, wenye hofu ya kuona majeshi yao yaliyopiga kambi kando ya mifereji yakiugua, wakamtuma Robert Leiper kutoka London mwaka 1915. Leiper alikuwa na habari njema kutoka mbali: huko Japani, Keinosuke Miyairi na Masatsugu Suzuki walikuwa wameonyesha mwaka 1913 kwamba mnyoo wa jamii hiyo hiyo hukulia ndani ya konokono. Akaenda El Marg, karibu na Kairo, kijiji kilichokuwa na kichocho kingi, akakusanya konokono wa kila aina mferejini na kuwapeleka maabara Qasr al-Aini.

Alikuta aina mbili za konokono zikitoa lava. Aliwaambukiza wanyama wa maabara kwa lava wa kila konokono peke yake, na majibu yakaja yametengana. Lava wa konokono mmoja walikua na kuwa minyoo inayotaga mayai yenye mwiba nchani. Wa konokono mwingine, mayai yenye mwiba ubavuni. Yale mayai mawili ya Bilharz yalikuwa ya minyoo miwili tofauti. Mmoja huishi kwenye mishipa ya kibofu, ndiye wa mkojo wa damu. Mwingine, ambaye tangu 1907 Louis Sambon alikuwa amedai ni wa aina tofauti na kumpa jina la daktari Patrick Manson, huishi kwenye mishipa ya utumbo na ini.

Tangu hapo mzunguko wote ukajulikana. Mgonjwa hujisaidia majini au kando ya maji, mayai huanguliwa, kiumbe kidogo hutafuta konokono wake na kumwingia, wiki kadhaa baadaye hutoka maelfu ya lava wenye mikia ya panda, wasioonekana kwa macho, ambao wakikutana na ngozi ya mtu huipenya katika dakika chache. Lava asiyempata mtu hufa ndani ya siku mbili hivi. Kwa hiyo maji yaliyotekwa na kuwekwa siku mbili yalikuwa salama kuogea, na jeshi likapewa agizo hilo. Mkulima anayesimama kwenye shamba la mpunga tangu alfajiri hakuwa na nafasi ya kungoja siku mbili.

Kinacholiua ini ni yai. Jike mmoja wa mnyoo wa tumbo hutaga mayai 100 hadi 300 kwa siku, na mayai yasiyopata njia ya kutoka na choo husombwa na damu hadi kwenye ini, yakakwama katika mishipa midogo. Mwili huyazingira kwa seli za kinga, na kila palipozingirwa hubaki kovu. Mwaka 1904 William Symmers, mtaalamu wa patholojia aliyekuwa Kairo, alieleza jinsi ini la wagonjwa hawa linavyoonekana likikatwa: makovu meupe mazito yamezunguka mishipa, mfano wa mashina ya kiko cha udongo yaliyochomekwa katika nyama. Maelezo yake yanafundishwa hadi leo.

Ajabu ya ini la kichocho ni kwamba seli zake huendelea kufanya kazi kwa muda mrefu. Mgonjwa hana umanjano, anakula, analima. Ila damu inayotoka matumboni inakuta njia imebanwa. Inarudi nyuma, bandama inavimba hadi kufikia kitovu, na mishipa myembamba ya koo la chakula inabebeshwa mzigo isioumbiwa. Hatimaye mmoja hupasuka. Haya ndiyo yaliyokuwa yakiendelea tumboni mwa Abdel Halim, na tumboni mwa wanakijiji wasiohesabika ambao hakuna gazeti lililoandika vifo vyao.

Kichocho kilikuwapo tangu Mafarao, lakini karne ya 19 na ya 20 zilikipa makazi mapya. Kilimo cha kale kilitegemea mafuriko ya Nile ya mara moja kwa mwaka. Maji yakiondoka, ardhi hukauka na konokono wengi hufa. Muhammad Ali alitaka pamba, na pamba inataka maji wakati wa kiangazi. Ikachimbwa mifereji ya kudumu, likaja bwawa la kwanza la Aswan mwaka 1902, kisha Bwawa Kuu lililokamilika mwaka 1970. Mashamba yakavunwa zaidi ya mara moja kwa mwaka, na konokono wakapata maji yasiyokauka. Katika Delta ya Nile mnyoo wa mkojo ulianza kupungua, ule wa ini ukachukua nafasi yake.

Dawa ilitoka kusini. Mwaka 1918 John Brian Christopherson, daktari wa hospitali ya raia mjini Khartoum, alitangaza katika jarida la Lancet kwamba tata emetiki, chumvi ya antimoni, ikichomwa mshipani huua minyoo ya kichocho. Ilikuwa habari kubwa kweli. Kwa mara ya kwanza katika miaka 3,000 palikuwa na tiba. Ilikuwa pia tiba kali: kikohozi cha ghafla, kutapika, maumivu ya viungo, na moyo wa baadhi ya wagonjwa haukuistahimili. Ilihitaji sindano 12 hadi 16 kwa mgonjwa mmoja, na dawa ikivuja nje ya mshipa nyama ya mkono huoza. Misri iliipokea mapema na kujenga vituo vya kutibia wakulima. Mwaka 1929 daktari wa Kimisri Muhammad Khalil alileta taarifa za dawa nyingine ya antimoni, inayochomwa kwenye msuli, iliyoitwa Fouadin kwa heshima ya Mfalme Fuad. Ilivumilika zaidi, ila kwa miongo mingi tata emetiki ndiyo iliyobaki silaha ya umma, kwa sababu ilikuwa rahisi kupatikana.

Katika miaka hiyo yuko daktari mmoja asiyestahili kusahaulika. Claude Barlow, Mmarekani, alifika Misri mwaka 1929 kwa niaba ya Rockefeller Foundation, akashughulika miaka mingi na namna ya kuondoa konokono miferejini. Mwaka 1944 ilitakiwa ijulikane kama konokono wa Marekani wangeweza kubeba kichocho ambacho askari wangerudi nacho kutoka vitani. Minyoo iliyotumwa kwa njia za kawaida haikufika hai. Barlow akawaweka lava juu ya ngozi yake mwenyewe, akaubeba ugonjwa mwilini hadi Marekani, akaugua vibaya sana, kisha akavumilia sindano za antimoni ili apone. Alikuwa karibu na umri wa miaka 70. Kisa chake kinapima ukubwa wa hofu ya ugonjwa huu, na pia kinaonyesha kwamba kati ya waliouchunguza walikuwapo watu waliokubali kuyapata maumivu ya wagonjwa wao.

Baada ya mapinduzi ya 1952 serikali mpya iliahidi afya kwa wakulima, na ahadi hiyo ilitekelezwa kwa bidii. Kati ya miaka ya 1960 na mwanzo wa miaka ya 1980, vituo vya serikali vilichoma zaidi ya sindano milioni 2 za antimoni kwa mwaka, kwa watu wapatao 250,000 kila mwaka. Zilitumika sindano za kioo, ambazo huoshwa na kutumika tena. Mtazamaji mmoja wa miaka ya 1960 aliandika alichokiona kijijini: daktari mwenye mkono mwepesi alianza saa 3:20 asubuhi, na ilipofika saa 4:10 alikuwa amewachoma watu 504, wanaume, wanawake na watoto. Sindano iliyotumika iliwekwa kwenye sinia, muuguzi akaisuuza, akaichemsha dakika moja au mbili, ikarudi kwa daktari.

Hakuna aliyekuwa na nia mbaya katika chumba hicho, na jambo hili linastahili kusemwa waziwazi. Daktari alikuwa na foleni inayofika nje ya uzio. Muuguzi alifanya alichofundishwa. Wazazi walileta watoto kwa sababu walikuwa wameona jirani akitapika damu. Kwa mujibu wa yote waliyoyajua, walikuwa wakishinda vita.

Walichokosa ni macho ya kuuona upande wa pili. Virusi vya homa ya ini aina ya C vilikuwa havijajulikana. Katika miaka ya 1970 Harvey Alter, huko Marekani, alithibitisha kwamba wagonjwa waliowekewa damu walikuwa wakipata homa ya ini isiyo aina ya A wala ya B. Chanzo chake hakikupatikana hadi mwaka 1989, Michael Houghton, Qui-Lim Choo, George Kuo na Daniel Bradley walipokitambua kwa kusoma vipande vya vinasaba bila hata kukiona kirusi chenyewe. Alter, Houghton na mtafiti mwingine, Charles Rice, wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2020.

Kipimo kilipofika Kairo, majibu yalishtua. Taarifa iliyochapishwa mwaka 1992 ilionyesha kwamba zaidi ya asilimia 10 ya waliojitolea damu walikuwa na kingamwili za virusi hivyo, na hao ni watu waliojiona wazima. Katika nchi nyingi kiwango hicho hakifiki asilimia 2. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2008 ulikuta asilimia 14.7 ya Wamisri wa miaka 15 hadi 59 wamewahi kuambukizwa. Hakuna nchi kubwa iliyokuwa na kiwango cha namna hiyo. Kwa nini Misri?

Jibu lilichapishwa katika Lancet mwezi Machi 2000. Christina Frank, Mostafa Mohamed wa Chuo Kikuu cha Ain Shams, Thomas Strickland wa Chuo Kikuu cha Maryland na wenzao walichukua vipimo vya watu zaidi ya 8,000 kutoka sehemu mbalimbali za nchi, wakavilinganisha na kumbukumbu za sindano za kichocho. Mantiki yao ilikuwa wazi. Ikiwa sindano ndiyo iliyobeba virusi, basi walikochomwa wengi ndiko virusi vitakuwa vingi, na umri uliochomwa zaidi ndio utakaokuwa na maambukizi zaidi. Ikawa hivyo. Delta iliongoza, Kairo na Aleksandria zilikuwa chini. Waliozaliwa mapema, waliokuwa vijana enzi za kampeni, walikuwa na maambukizi mengi. Watoto waliokua baada ya sindano kuachwa walikuwa na machache. Waandishi waliandika kwamba huenda hilo ndilo tukio kubwa kuliko yote duniani la tiba kusambaza ugonjwa unaoenezwa kwa damu. Miongoni mwao walikuwamo Wamisri wenye nyadhifa za juu katika wizara ya afya iliyoendesha kampeni hiyo. Kuweka jina chini ya maneno kama hayo kunahitaji ujasiri.

Kwa ini, madhara yalikuwa yakizidishana. Mnyoo hubana mishipa na kuziacha seli. Kirusi cha C hushambulia seli zenyewe, mwaka baada ya mwaka, hadi ini linasinyaa na kwa baadhi ya watu kugeuka saratani. Mkulima wa Delta aliyetibiwa kichocho angeweza kuwa na yote mawili. Daktari Sanaa Kamal wa Ain Shams na wenzake, katika tafiti zilizoanza kuchapishwa wakati huo huo, walionyesha kwamba wenye magonjwa yote mawili makovu ya ini lao hukua haraka zaidi, na mwili wao hushindwa zaidi kukifukuza kirusi wenyewe. Wodi za ini kutoka Kairo hadi Mansoura zilijaa watu wa makamo ambao katika utoto wao walikuwa na mkosi mmoja tu: kuoga mferejini.

Tiba ya kwanza ya kirusi ilikuwa nayo ni sindano, interferoni, iliyochomwa kwa miezi kadhaa, ikileta homa, huzuni na kukatika nywele, na ikiwaacha wengi bila kupona. Kamati ya kitaifa iliundwa mwaka 2006 na vituo vya matibabu vikafunguliwa mikoani, lakini kwa tiba ile mlango ulikuwa mwembamba mno kwa mamilioni.

Mlango mpana ulikuwa na asili ya Misri, kwa namna ambayo hakuna aliyeipanga. Raymond Schinazi alizaliwa Aleksandria mwaka 1950 katika familia ya Kiyahudi iliyolazimika kuhama nchi hiyo alipokuwa mtoto. Akawa mkemia huko Atlanta, Marekani, na mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Pharmasset. Ndani ya kampuni hiyo Michael Sofia na timu yake walitengeneza sofosbuvir, kidonge kinachozuia kirusi cha C kujinakili. Kampuni ya Gilead iliinunua Pharmasset, na kidonge kiliporuhusiwa Marekani mwezi Desemba 2013 bei yake ilikuwa dola 1,000 kwa kimoja. Dozi ya wiki 12 ikafika dola 84,000.

Kwa bei hiyo Misri isingetibu hata kijiji. Wizara ikaketi na Gilead, na mwaka 2014 wakakubaliana dola 300 kwa chupa ya vidonge vya siku 28, yaani dola 900 kwa matibabu yote. Wagonjwa wakafurika kujiandikisha. Baadaye viwanda vya ndani vikaanza kutengeneza dawa hiyo, bei ikashuka chini ya dola 100, na ikatokea hali ngeni katika historia ya tiba: dawa ikabaki, wagonjwa wanaojijua wakapungua. Waliobakia walikuwa mitaani na mashambani, wakijiona wazima kama wale wachangia damu wa 1992.

Ndipo nchi ilipoamua kuwapima wote. Kuanzia Oktoba 2018 hadi Aprili 2019, kwa kampeni iliyoitwa Afya Milioni 100, watu wazima waliitwa kutobolewa kidole hospitalini, katika zahanati na kwenye magari yaliyozunguka, wakapimwa pia sukari na shinikizo la damu. Katika miezi 7 walipimwa watu karibu milioni 50, asilimia 79 ya waliolengwa. Imam Waked, bingwa wa ini kutoka Menoufia, moja ya mikoa iliyoathirika vibaya, na wenzake waliandika matokeo mwaka 2020: milioni 2.2 walikutwa na kingamwili, na karibu wote waliomaliza dawa na kurudi kupimwa walikuwa wamepona. Kumtafuta na kumponya mtu mmoja kuligharimu dola 130 hivi. Tarehe 9 Oktoba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba Misri ni nchi ya kwanza kufikia daraja la dhahabu katika safari ya kutokomeza homa ya ini C. Zaidi ya Wamisri milioni 4 walikuwa wametibiwa, miongoni mwao wakiwamo watoto wa foleni zile za sindano za kioo.

Kichocho chenyewe kilikuwa kimeshapata dawa nyingine. Prazikwanteli, iliyotengenezwa Ujerumani katika miaka ya 1970, hutolewa kwa mdomo, mara moja, kwa kipimo cha uzito wa mwili. Ilipofika Misri katika miaka ya 1980 sindano za antimoni zikaachwa, na maambukizi katika Delta yakashuka sana. Giza, ng'ambo ya mto kutoka Kairo, kuna taasisi ya utafiti yenye jina la Bilharz, na madaktari wake bado wanatibu ini.

Kusini zaidi, chanzo kimojawapo cha mto huo huo ni Ziwa Victoria, na mnyoo wa ini unaishi huko pia. Wavuvi wa Ukerewe na Sengerema husukuma mitumbwi wakiwa wamezama hadi kiunoni, wanawake hufua ufukweni, watoto huoga baada ya shule. Bugando, hospitali ya rufaa ya Mwanza, hupokea watu wanaotapika damu kwa namna ile ile iliyojulikana Kairo, na madaktari wanapoingiza kamera kooni, chanzo wanachokikuta zaidi ni mishipa iliyovimba. Vidonge vya prazikwanteli hutolewa mashuleni, vingi vikiwa msaada wa kampuni ya Merck ya Ujerumani, na vinafanya kazi. Lakini haviwaui minyoo wachanga, na havimzuii aliyepona kuambukizwa tena kesho yake akirudi ziwani.

Kwa muda mrefu pia havikuwa na umbo la kumfaa mtoto mdogo: ni vikubwa, vichungu, na watoto wasiofikia umri wa shule waliachwa nje ya kampeni ingawa mama zao waliwabeba mgongoni hadi majini tangu wakiwa wachanga. Ndiyo maana kazi iliyofanywa Homa Bay, upande wa Kenya wa ziwa, na huko Côte d'Ivoire ina uzito. Watoto wa kuanzia miezi mitatu hadi miaka sita walipewa kwa majaribio dawa mpya, arprazikwanteli, inayoyeyuka majini na isiyo na uchungu wa ile ya zamani. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani liliiweka katika orodha ya dawa zilizothibitishwa ubora. Mtoto wa miaka miwili anayeipata leo kando ya ziwa ana nafasi ambayo mtoto wa El-Halawat hakuwa nayo, na atahitaji kuipata tena na tena kwa kadiri nyumbani kwao maji ya kuoga yanavyoendelea kuwa yale ya ziwa.